Viwambo vya Shaba Tulivyovipasua Bakoba

Nyinyi mnaoanza ufundi sasa mnanunua bati likiwa limeandikwa unene wake pembeni. Nawaonea wivu kidogo, lakini kidogo tu, maana hata maandishi yanahitaji mtu anayeyaelewa. Wiki yangu ya kwanza kazini, fundi wangu Ta Kaijage, "Ta" ikiwa heshima ya Kihaya kwa mzee, alinituma stoo nilete bati nene zaidi tulilokuwa nalo, tutengeneze mfereji wa paa la shule moja ya Kahororo. Nikakuta mafungu mawili. Moja limeandikwa geji ishirini na sita, jingine thelathini na mbili. Nikabeba la thelathini na mbili, nikijiona msomi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwenye geji, namba ikipanda bati linakonda.

Mfereji ule ulidumu mvua moja. Mnaijua mvua ya Bukoba. Ulijaa maji, ukalala, ukakunjika katikati kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, na maji yote yakamwagikia mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Ta Kaijage aliuangalia, akanigeuzia uso na kuniuliza taratibu, "Koku, ulipolishika, vidole vyako vilisema nini?"

Nikajibu kwamba vidole viliona jepesi, lakini namba ilikuwa kubwa.

"Basi leo umejifunza kuamini vidole. Kesho nitakufundisha kutoviamini."

Ndivyo alivyokuwa. Hakupandisha sauti, ila maneno yake yalikaa kichwani hadi ukaenda nayo nyumbani.

Jina langu kamili ni Kokuhirwa. Nilizaliwa Ijumbi, upande wa Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Baba yangu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, na katika mipango yake mimi ningekuwa mwalimu, au Mungu akipenda, sista. Nilimaliza darasa la nane miaka michache baada ya Uhuru. Redio ilikuwa ikisema kila siku kwamba nchi inataka mafundi, wanaume kwa wanawake, lakini sidhani baba alifikiri redio inamsemea binti yake.

Ilianza na bomba la kupulizia dawa ya kahawa. Yale mabomba ya zamani yalikuwa ya shaba, unabeba mgongoni. Letu lilitoboka chini, baba akanituma nalo Bukoba mjini, kwenye karakana moja ya mtaa wa Bakoba. Nikakaa kwenye kigogo nikisubiri. Fundi, mzee mfupi mwenye koti la khaki, ndiye Ta Kaijage mwenyewe, alikata kiraka cha shaba, akakigonga kwa nyundo ya mti, akakiweka motoni hadi kikawa chekundu, kisha akakichovya kwenye ndoo ya maji. Mimi nilikuwa nimewaona wahunzi wa kwetu wakichovya majembe na visu ili viwe vigumu. Nikamuuliza kwa heshima, "Waitu, kiraka kikiwa kigumu utakikunjaje?"

Akaacha kazi. "Nani amekuambia kimekuwa kigumu?" Akanipa kile kiraka. Kililegea mkononi mwangu kama ngozi iliyolowa. "Chuma cha kisu ukikichovya kinakasirika," akasema. "Shaba ukiichovya inatulia. Umekaa hapa saa nzima na hilo ndilo swali lako la kwanza?"

Nikasema ndilo.

"Basi mwambie baba yako nina nafasi ya mtu anayeuliza."

Baba alikubali baada ya majuma mengi, na kwa sharti kwamba nikae kwa shangazi yangu hapo mjini na niende misa. Lililomsumbua zaidi, nadhani, si ufundi. Ni kwamba Ta Kaijage alikuwa Mlutheri. Baadaye wakawa marafiki wa kutumiana akamwani, kahawa ya kutafuna, kupitia kwangu, na mimi nikala nusu yake njiani.

Sasa niwaambie kuhusu shaba, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kosa langu.

Shaba ikipigwa nyundo inachoka. Ilikuwa laini asubuhi, ukiigonga mpaka saa nne inakuwa ngumu, inarudisha nyundo, inakataa kufuata mkono. Ukiendelea kuilazimisha inachanika. Dawa yake ni moto. Unaipasha hadi ipate wekundu, unaizima, imerudi ujana wake. Ta Kaijage aliita kazi hiyo kuipumzisha. Karatasi nyembamba ya shaba kutoka kiwandani huja ikiwa ngumu kwa namna yake, kwa sababu wameibana kati ya magogo ya chuma mara nyingi hadi ikakonda. Kwa hiyo msidharau kitu kwa wembamba wake. Nimeshika shaba nyembamba kama jani la kitabu iliyokuwa na ubishi kuliko bamba nene mara tano.

Lakini moto nao una kiasi. Wekundu unaotakiwa ni wa kahawa mbivu, ile iliyoiva vizuri mtini, si zaidi. Ukifika rangi ya chungwa umepita. Na wekundu wa kahawa mbivu hauonekani juani. Lazima uwe kivulini, ndani, mlango umefungwa nusu. Mchana wa jua shaba inaweza kuwa inaungua na wewe unaiona ya kawaida. Alumini ndiyo mbaya zaidi, maana haiwi nyekundu kabisa, inayeyuka tu ghafla uso ukiwa uleule. Kwa alumini tulipaka mstari wa sabuni ya kufulia. Sabuni ikigeuka nyeusi, unaondoa. Nimeokoa sufuria nyingi za kina mama wa Bakoba kwa kipande cha sabuni, na niliyeyusha mbili kabla ya kujifunza. Mwenye sufuria ya pili hakunisalimia hadi Pasaka.

Haya. Ilipofika miaka ya ujamaa, karakana yetu ikawa ya ushirika. Tulikuwa watu saba. Vitu vya kutoka nje vikaanza kuadimika, na watu wakatuletea kila kilichovunjika: baiskeli, mashine za kusaga, hata meno ya bandia ya mzee mmoja, ambayo Ta Kaijage aliyarudisha kwa heshima bila kuyagusa. Nilizipenda siku zile. Kila asubuhi ulikuwa unatengeneza kitu ambacho hukuwahi kukiona.

Siku moja akaja nesi kutoka hospitali ndogo upande wa Muleba. Aliitwa Justa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, anayekaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba ameitwa tayari. Alifungua leso akatuonyesha kiduara cha shaba, kipana kidogo kuliko kifuniko cha chupa, kimepasuka katikati.

Alitueleza. Hospitali ilikuwa na pipa zito la chuma la kusafishia vifaa vya upasuaji kwa mvuke. Juu ya kifuniko cha pipa kulikuwa na tundu, na tundu lilizibwa na kiduara kile kikiwa kimekazwa kwa skrubu. Siku zote kinastahimili mvuke. Lakini presha ikizidi kwa sababu yoyote, kiduara kinatakiwa kipasuke chenyewe, mvuke utoke, ili pipa lisilipuke. Sisi tukakiita kiwambo, kwa jinsi kilivyokazwa kama ngozi ya ngoma. Vya akiba vilikuwa vimekwisha, na barua za kuomba vingine hazikuwa zimejibiwa.

"Kikiwa kinene?" Ta Kaijage akauliza.

"Hakitapasuka siku ya hatari," nesi akasema, "na mimi ndiye ninayesimama pale."

"Na kikiwa chembamba?"

"Kitapasuka siku ya kazi. Mama yuko mezani, mimi sina mkasi safi."

Tulifanya kazi ile kwa furaha kubwa. Tulitafuta karatasi ya shaba ya unene uleule, tukaikata viduara, tukaipumzisha, tukaibonyeza ipate mbinuko kidogo. Tulikuwa na pampu ya mkono na mita ya presha iliyotoka kwenye mashine ya zamani. Tukajaza maji kwenye bomba, tukafunga kiwambo mwishoni, tukasukuma hadi kikapasuka, tukakwaruza alama kwenye kioo cha mita kwa msumari. Viwambo vya Ta Kaijage vilipasuka karibu na alama moja, kimoja baada ya kingine. Tukampelekea nesi sita. Vilifanya kazi miezi mingi.

Fungu la pili nililifanya mimi.

Ta Kaijage alikuwa Kahororo nyumbani kwake, anaumwa malaria. Nesi Justa alikuwa ameandika kwamba amebakiwa na kimoja. Na siku hiyo hasa bwana ushirika alikuja kufanya mkutano, na mkutano ukafanyika ndani ya karakana kwa sababu nje kulikuwa na jua kali. Nikahamisha jiko la mkaa na mivukuto hadi uani, peupe. Mnaona kosa lilipoanzia. Nilipuliza, nikangoja wekundu, sikuuona, nikapuliza tena. Nilipoona rangi, ilikuwa ya chungwa.

Nilipovibonyeza, uso wake haukuwa laini. Ulikuwa na vipele vidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vya Ta Kaijage vilikuwa laini kama kioo. Niliviangalia kwa muda mrefu. Nilijua kwamba si sawa, sikujua tu kwa nini. Hatukuwa na shaba nyingine. Mkutanoni ndani watu walikuwa wanapiga makofi.

Nikachukua majivu na limau nikavisugua hadi vikang'aa, vipele visionekane. Nikapima kimoja kwa maji, kikafika karibu na alama ya zamani. Nikajiambia, basi, kipimo kimesema. Nikavifunga kwenye karatasi na kumpa dereva wa lori la kahawa avipeleke Muleba.

Huo, wanangu, ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kufanya kazini, na sikutamka neno hata moja.

Siku ya kumi na kitu, dereva yuleyule alileta barua pamoja na viwambo vyangu vilivyobaki. Kiwambo kilikuwa kimepasuka presha ikiwa ya kawaida, wakati daktari anangoja vifaa vya kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Walichemsha vifaa kwenye sufuria, wakachelewa, lakini mama na mtoto walipona. Nesi Justa alikuwa amesimama kando ya pipa. Mvuke ulimwunguza mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Barua aliiandika kwa mkono wa kushoto. Nilitambua kwa jinsi herufi zilivyolala.

Nilitembea hadi Kahororo. Ta Kaijage alikuwa ameanza kupata nafuu, amekaa uani na blanketi mabegani, mkewe akimenya ndizi pembeni. Nikapiga magoti nikamsalimu, nikampa barua. Hakuwa mwepesi wa kusoma, kwa hiyo nikamsomea, kisha nikamwambia yote: jua, rangi ya chungwa, vipele, majivu na limau.

Mkewe akaacha kumenya.

"Vipele uliviona kabla ya kusugua," akasema.

"Niliviona, waitu."

"Nisingekuwa naumwa ungenionyesha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Sijui."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hapo umenijibu vizuri. Vimebaki vingapi?"

Vilikuwa vimebaki kumi na viwili. Siku mbili baadaye, akiwa bado anatetemeka, alikuja karakana na kuniagiza nitafute tanki dogo la chuma, nilifungie mita, nilijaze maji nusu, niliweke kwenye moto. "Sisi tulipima kwa maji baridi," akasema. "Kile kiwambo hakikai kwenye maji baridi. Kosa la rangi ni lako. Kosa la maji baridi ni langu, na ni la zamani kuliko lako."

Tulifunga kiwambo juu ya tanki, tukajificha nyuma ya ukuta na kuangalia mita kupitia dirisha. Kiwambo changu kilipasuka mbali kabisa chini ya alama. Cha pili vilevile. Kisha akatoa mfukoni kimoja cha kwake, cha fungu la kwanza, alichokuwa amekiweka akiba. Nacho kilipasuka chini ya alama, si sana kama vyangu, lakini chini. Alikishika kikiwa bado cha moto, akakihamisha mkono hadi mkono.

"Umeona. Shaba ikipashwa inapungua nguvu. Si lazima iwe nyekundu. Hata joto la chungu cha maharage linatosha kuipunguzia. Vyangu vilipona kwa sababu nilivibahatisha kuwa na nguvu ya ziada. Nilidhani najua."

Tulipasua vyote. Kila kimoja kilitoa mlio kama wa bunduki, na majirani wa Bakoba wakaja kuuliza kama tunapigana na Uganda.

Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alinieleza vile vipele. Ndani ya shaba kuna chembe, kama chembe za chumvi zilizoshikana. Moto ukizidi, chembe kubwa humeza ndogo. Kwenye bamba nene hasara si kubwa, maana chembe bado ni nyingi, moja ikilegea nyingine zinashika. Lakini kwenye karatasi nyembamba, chembe moja iliyonenepa inaweza kutoka upande huu hadi upande ule. Hakuna wa kumsaidia. Ndiyo maana moto ambao bamba nene linausamehe, karatasi nyembamba haiusamehi. Mngenipa maelezo hayo siku ile uani, sijui kama yangenizuia kuchukua limau. Labda.

Shaba nyingine ilipopatikana, tulitengeneza fungu jipya ndani, mlango umefungwa, nikisimama mimi kwenye moto na Ta Kaijage nyuma yangu akisema, "Kahawa haijaiva. Haijaiva. Sasa." Kati ya kila vitano tulipasua kimoja kwa mvuke. Unene tuliongeza kwa kiasi kidogo sana, kwa sababu tulikumbuka swali la kwanza la nesi. Kisha tukapanda lori la kahawa, mimi na yeye, kwenda Muleba.

Nesi Justa alitupokea kwenye chumba cha pipa. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji. Ta Kaijage alivua kofia. "Nesi, tumekuja kuomba radhi. Hii ilikuwa kazi ya karakana yangu, na mimi ndiye—"

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alikuwa anaumwa. Niliviunguza, nikaona vimeharibika, nikavisugua ili visijulikane."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kofi. Nesi aliniangalia usoni, akaangalia mikono yangu, ambayo nayo ilikuwa na makovu ya lehemu.

"Mkono utapona," akasema. "Umeniudhi, na nitaendelea kuudhika kwa muda. Sasa niambie. Hiki kipya nikikifunga, nisimame wapi?"

Nikamwonyesha tundu linaelekea wapi na mvuke utatokea upande gani, jambo ambalo tungepaswa kumwambia tangu mwanzo. Tukahamisha meza. Kisha nikaomba nisimame mimi kando ya pipa wakati wa kulipasha. Ta Kaijage hakunizuia. Alivuta kigoda akakaa karibu nami, ndani ya ule upande ambao nilikuwa nimetoka kusema usikaliwe na mtu.

"Waitu, sogea," nikamwambia.

"Nimeangalia rangi pamoja na wewe," akajibu. "Nisogee niende wapi?"

Mshale ulipanda. Mita ilifika kwenye alama ya kazi ikatulia. Kiwambo kilivimba kidogo, kikakaa. Tulikaa pale hadi vifaa vikatoka, vya moto na safi, na nesi Justa akavifunika kwa kitambaa kwa mkono wake mmoja, akatuambia twende tukale. Alitupikia ndizi kwa maharage. Tangu siku hiyo kila mwezi alibadilisha kiwambo hata kama ni kizima, na kile kizee alinirudishia kwenye bahasha nikikague. Urafiki wetu ulianzia kwenye bahasha hizo. Harusi yangu yeye ndiye aliyenisimamia, gauni la mikono mirefu kwa ajili ya kovu, na alicheza kuliko bibi harusi.

Ta Kaijage alikuwa amezeeka sana siku moja nesi Justa alipokuja Bakoba akiwa na boksi dogo. Hospitali ilikuwa imeletewa viwambo halisi vya kiwandani, hatimaye. Aliona si vizuri kuvitumia kabla sisi hatujaviona. Vilikuwa vizuri, niseme ukweli, laini na sawasawa. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya Kiingereza. Nikamwambia Ta Kaijage kwamba ni orodha ya presha za kupasukia, na ina safu mbili. Safu ya kwanza ni kiwambo kikiwa baridi. Ya pili ni kikiwa cha moto, na namba zake zote ni ndogo zaidi.

Alicheka hadi akalazimika kushika meza.

"Kwa hiyo na wao walipasua vingi," akasema.

Akafuta macho, akavuta kigoda karibu nami. "Soma tena, mwana wange. Ile safu ya moto."

Nikamsomea yote, namba moja moja, kwa Kiswahili.